Katoni za Misumari Chini ya Raki

Neno lenyewe lilikuwa fupi: sawa. Nililisema nikiwa nimepiga goti moja kwenye chumba cha nyuma cha duka la vifaa vya ujenzi pale Mikindani, drili mkononi, penseli nimeichomeka juu ya sikio. Mwenye duka, mzee wa umri wangu, alikuwa ameinama na kuweka kiganja chake juu ya drili, kwa upole, kama mtu anayefunika kikombe kisijazwe tena chai.

"Fundi, sakafu hii usiitoboe. Vigae hivi marehemu baba alivipanga kwa mkono wake, kimoja kimoja. Fanya utakavyo, lakini tundu hapa sitaki."

Nikaviangalia vigae. Vilikuwa vizuri kweli, vyekundu na vyeupe, vimesuguliwa na nyayo za miaka mpaka katikati vimepata mng'aro wa sahani. Nikasema sawa.

Ningeweza kukataa. Ningesema, "Basi mzee, kazi hii siifanyi," naye angenuna siku mbili tatu kisha angeniita tena, kwa sababu mafundi wa mtandao wanaokubali kuingia kwenye nyumba za mawe za Mikindani, zenye popo darini na chokaa inayomwagika kama unga, hatukuwa wengi. Lakini nilisema sawa. Nimefikia umri ambao mtu hukaa barazani akayapitia maneno yake ya nyuma, na katika yote niliyowahi kutamka, hilo ndilo ningependa kulirudisha kinywani.

Ufundi niliuanzia kwenye simu za nyaya. Nilimaliza kidato cha nne nikiwa na alama za kawaida na miguu isiyoogopa nguzo, nikachukuliwa kazini kwa ajili ya miguu. Miaka mingi nilipanda na kushuka, kuanzia mjini Mtwara mpaka vijiji vya ndani, nikiunga nyaya zilizokatwa na matawi ya mikorosho. Simu za mezani zilipokufa nilidhani na kazi yangu imezikwa nazo. Kumbe wapi. Zikaja kompyuta, na kompyuta, pamoja na maringo yake yote, inataka waya. Waya nilikuwa naujua.

Tena nilikuwa na mtani wangu. Mimi Mmakonde, yeye Myao, kwa hiyo tulikuwa watani kabla hatujajuana. Siku ya kwanza tulipokutana chini ya nguzo, hata salamu hatujamaliza, alinitazama shavuni, penye chale nilizochanjwa utotoni, akauliza, "Huyu nani kamchorea ramani ya nyaya usoni?" Nikamjibu kwamba afadhali ramani ya usoni kuliko Myao, ambaye akisikia harufu ya pilau husahau njia ya kwao. Tukacheka, tukapanda nguzo. Tulifanya kazi pamoja miaka thelathini na kitu, na sikumbuki siku aliyoniita kwa jina langu. Niliitwa Mmakonde, au mla panya, au, siku akiwa na furaha sana, marehemu mtarajiwa.

Mama yangu alipofariki kule Mpapura, mtani alifika kabla ya baadhi ya ndugu zangu wa damu. Akajifunga kanga ya mama, akachukua mkongojo wake, akazunguka uani akichechemea vilevile kama mama, akiwagombeza kuku kwa sauti ileile. Dada zangu, waliokuwa wamelia mpaka sauti zimekauka, waliangukiana mikekani kwa kicheko. Jeneza lilipotoka, alijilaza kifudifudi katikati ya njia, akatangaza kwamba Mmakonde hapiti hapo bure, na hakuinuka mpaka nilipompa jogoo. Kisha akaamka, akajikung'uta vumbi, akatangulia kushika jembe. Siku ile ndiyo niliyoelewa utani ni wa nini.

Mke wangu aliipenda sana siku ile, kama inavyoweza kupendwa siku ya msiba. Kila mtani alipokuja kula kwetu, alimkumbusha.

"Siku nikifa mimi, usikubali jogoo. Dai mbuzi. Huyu bwana ni bahili."

"Wasiwasi wa nini, shemeji? Wewe nitakulalia njiani mpaka saa kumi. Watazika na jua la magharibi."

"Na uniige vizuri. Usinifanye nina sauti nene."

"Shemeji, sauti yako naifanyia mazoezi kila siku. Nikitaka kumtisha Mmakonde kazini, naitumia hiyo."

Utani wetu ulikuwa na mpaka mmoja tu. Tuliuweka zamani, enzi za nguzo, kwa sababu juu ya nguzo mtu akisema "umeme nimeuzima", mwenzake lazima ajue kama hayo ni maneno ya kazi au ni maneno ya watani. Kwa hiyo jambo lolote la umeme, la ngazi au la mzigo mzito lilitanguliwa na maneno mawili: bila utani. "Bila utani, huo waya hauna umeme?" "Hauna." Basi unashika. Huulizi mara mbili, huchunguzi. Tulishika nyaya nyingi kwa maneno hayo mawili, na wote wawili tukazeeka.

Ile kazi ya Mikindani ilitokana na binti wa mwenye duka. Alikuwa amesomea mambo ya kompyuta, akarudi kumsaidia baba yake, akakuta familia inaendesha duka pale, ghala la korosho Mpapura na chumba cha barafu cha kuhifadhia pweza Msimbati, na sehemu zote tatu zinawasiliana kwa kupigiana simu na kugombana. Akaamua kuziunganisha. Akaagiza ruta.

Ruta, kwa asiyeijua, ndiyo mashine inayoamua kila ujumbe upite njia gani, kama askari wa njia panda. Zile za majumbani ni ndogo, unaweza kuificha nyuma ya redio. Aliyoiagiza binti ilikuja kwa basi kutoka Dar es Salaam ndani ya sanduku la mbao. Ilikuwa bapa na pana, nzito kama nusu mfuko wa saruji.

"Babu," binti aliniambia huku akiipapasa, "hii haigomi."

"Kila kitu hugoma, binti," mtani akadakia. "Huyu Mmakonde mwenyewe unavyomwona amegoma kufa."

Mashine ya namna hiyo haiwekwi mezani. Hufungwa kwenye raki, yaani fremu ndefu ya chuma iliyo wazi, inayonipita mimi kimo, yenye matundu tele kwenye nguzo zake nne. Kanuni za raki ni chache, na nilikuwa nimezifundisha kwa wengine mara nyingi kiasi cha kuzichoka. Raki ifungwe sakafuni kwa bolti nne. Kizito kikae chini, chepesi kikae juu. Mzigo unyanyuliwe na watu wawili. Na kabla ya kuwasha chochote, waya wa ardhini kwanza, ule wa kuushusha udongoni umeme uliopotea njia.

Kanuni ya kwanza ilizuiwa na vigae vya marehemu. Ya pili ilizuiwa na bahari. Siku za bamvua, maji makubwa yakikutana na mvua nzito, chumba kile cha nyuma huingia maji mpaka kwenye vifundo vya miguu. Ukutani palikuwa na mistari ya kahawia kuonyesha yalipofika mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo binti alitaka ruta iwe juu kabisa, mahali ambapo maji hayawezi hata kuiota. Alikuwa na haki. Na baba yake alikuwa na haki na vigae vyake. Fundi ndiye aliyepaswa kuwaambia kwamba haki hizo mbili, zikiwekwa pamoja, zinatengeneza kitu kirefu, kizito kichwani, kisichoshikwa na chochote miguuni.

Nilijaribu ukuta. Ukuta wa zamani wa mawe ya baharini na chokaa, ukiupiga drili unakutemea unga, na bolti unaichomoa kwa vidole viwili kama karafuu kwenye pilau. Nikasimama katikati ya chumba nikizungusha macho, na macho yakaangukia katoni za misumari. Duka lilikuwa nazo nyingi. Misumari ya inchi nne, katoni ndogo ambayo ukiitazama unaidharau, ukiinyanyua unaomba msamaha.

"Tutaziweka hizi chini ya raki," nikasema. "Katoni nane kwenye rafu ya chini kabisa. Zenyewe zitakuwa bolti."

Mwenye duka alifurahi mno. "Unaona! Fundi wa zamani ana akili."

Mtani hakufurahi. Alizitazama katoni, akanitazama mimi, akavuta mdomo.

"Mmakonde, hapa ni dukani. Kitu chochote kilichopo dukani kina safari."

"Zitakaa hapo. Nimemwambia tajiri."

"Haya. Itakuangukia kichwani, na mimi nitapata jogoo mapema." Kisha akabadilisha sauti. "Bila utani. Siku yoyote tutakayokuja kuivuta hiyo mashine, kwanza zipigwe teke hizo katoni. Ukiumia kidole cha mguu, ni misumari. Usipoumia, tunarudi nyumbani."

Tukakubaliana. Nikazipiga teke palepale kuzindua kanuni yetu mpya, nikaumia kidole gumba, na chumba kizima kikacheka.

Kazi zilizobaki tulizifanya kwa uangalifu, na mpaka leo ninajivunia namna tulivyozifanya. Tulikwenda uani, karibu na mpapai, kuzika fimbo ya shaba kwa ajili ya waya wa ardhini. Ardhi ya pale ukichimba kidogo unakutana na jiwe la matumbawe, na mtani aligonga nyundo huku akiimba majina ya ukoo wangu wote, kila pigo jina moja, kama anawazika. Tulipomaliza tukaleta waya mnene wa kijani na njano kupitia chini ya mlango, tukaukaza kwenye raki, tukapima. Ulikuwa mzuri.

Nilivua saa. Pete ilinigomea, vidole vya uzeeni vinavimba. Mtani aliniletea sabuni ya kipande, akasimama kutazama ninavyohangaika.

"Shemeji alikufunga nati, siyo pete."

"Pete haikai na umeme," nikamweleza binti, aliyekuwa ananiuliza kwa nini nateseka. "Chuma kidoleni kikigusa penye moto, kidole kinapikwa."

Tukachomoa kwanza vile vifaa viwili vya kupokelea umeme vilivyo nyuma ya ruta, ili mzigo upungue. Tukakaa mmoja huku mwingine kule, mikono chini ya tumbo la mashine, maana vishikio vya mbele vipo kwa ajili ya kuvutia tu, ukiinyanyulia hapo vinang'oka. Magoti yakapinda, migongo ikanyooka. Mtani akahesabu moja, mbili, akaruka mpaka tano makusudi, nikamtukana, tukainua. Ikakaa juu ya reli zake mbili, kama za droo, zilizowekwa ili siku ya matengenezo uivute mbele bila kuifungua yote. Bolti za chini zikaanza, za juu zikafuata, kisha ndipo tukazikaza.

Mwisho ikawa zamu ya nyaya, na hapo palikuwa pa mtani. Waya wa mtandao una nyaya nane nyembamba ndani yake, kila moja na rangi yake, na lazima zipangwe kwa mpangilio maalumu kabla ya kubanwa kwenye kichwa chake cha plastiki. Mimi huvaa miwani na kushika pumzi. Yeye alikuwa akizipanga kwa kidole gumba, cha shahada na cha kati cha mkono wa kulia, bila kutazama, huku akimsimulia mwenye duka jinsi Mmakonde alivyoogopa lifti Dar es Salaam. Nilimwona akifunga vichwa ishirini namna hiyo. Nilipovipima, vyote vilikuwa sawasawa.

Tulipowasha, taa za kijani zikaanza kucheza moja baada ya nyingine. Dakika chache baadaye kompyuta ya binti ikaonyesha ghala la Mpapura, halafu Msimbati, hesabu ya pweza waliomo kwenye barafu, mmoja mmoja. Mwenye duka aliwatazama pweza wake kwenye kioo kama mtu aliyeonyeshwa wajukuu. Tukaletewa sambusa na chai ya tangawizi, na mtani akala za kwake na mbili za kwangu, kwa haki ya utani.

Miezi ikapita. Mtandao ulifanya kazi. Kisha Ijumaa moja asubuhi binti akanipigia: ruta inalia.

"Inalia vipi?"

"Kama paka aliyefungiwa, babu."

Nikajua ni feni. Feni ya kupozea ilikuwa imeshika chumvi. Hewa ya Mikindani haivisamehe vyuma. Kazi ya nusu saa: zima, ivute mbele, badilisha feni, irudishe. Nikampitia mtani nyumbani kwake Ufukoni, tukaenda.

Tulikuta duka limejaa. Mwenye duka alitupungia mkono kutoka kaunta, binti akatufungulia chumba cha nyuma na kurudi mbele kusaidia wateja. Mezani zilikuwepo sambusa, bado zinatoa moshi. Nikazima umeme, nikavua saa. Pete safari hii nilikuwa nimeiacha nyumbani. Rafu ya chini ya raki niliiona kwa jicho la pembeni: katoni zilikuwepo, zimepangwa vizuri, nane.

Mtani alikuwa amechuchumaa ubavuni mwa raki, akizilegeza nyaya ili zisivutike. Aliuliza bila kuinua kichwa.

"Bila utani, katoni umezipiga teke?"

Sikuwa nimezipiga. Goti lilikuwa linaniuma tangu alfajiri. Sala ya Ijumaa ilikuwa inakaribia, sambusa zilikuwa zinapoa, na katoni nilikuwa naziona pale kwa macho yangu. Sababu zote hizi nimezipima mara nyingi tangu siku ile, na sijaipata yenye uzito.

"Nimezipiga," nikasema.

Basi akaamini. Hakugeuka hata kutazama.

Nikashika vishikio vya mbele, nikaivuta ruta. Ikaja vizuri kwenye reli zake, ikatoka nje robo, ikatoka nusu, na nilipoifikisha mwisho nikahisi raki nzima inanifuata. Haikuja kwa kishindo. Ilikuja polepole, kama mtu mrefu anayeinama kukuambia jambo sikioni. Mimi nilikuwa mbele yake, mikono imeshika mashine, sikuwa na pa kwenda. Nyuma yangu palikuwa na meza. Mtani angeweza kuruka pembeni. Alikuwa pembeni tayari. Badala yake alinyanyuka, akaingiza mkono wa kulia na bega kati ya raki na ukingo wa meza, akasukuma, na mimi nikaponyoka chini. Chuma kikatua juu ya mkono wake, na chini ya mkono wake palikuwa na ukingo wa ile meza ya mninga.

Watu walikuja mbio kutoka dukani, wakainyanyua raki. Nikiwa bado nimekaa sakafuni, juu ya vigae vya marehemu, mguu wangu ulizigusa katoni. Zikasogea kama sanduku la mswaki. Zilikuwa katoni za holda za balbu.

Baadaye mwenye duka alinieleza huku akilia. Mkandarasi alikuja, misumari ya inchi nne ilikuwa imekwisha mbele, naye mwenye duka akakumbuka kwamba kuna nyingine nyuma. Siku ya kwanza alitoa mbili, akaweka katoni za holda mahali pake ili pasibaki wazi. Wiki iliyofuata akatoa nyingine. Hakufikiri chochote, na sikuweza kumlaumu. Yeye ni mfanyabiashara, misumari ilikuwa bidhaa, na mimi ndiye niliyemwambia mtu anayeuza misumari kwamba misumari yake ni bolti.

Hospitali walimkata mtani vidole viwili, cha shahada na cha kati. Nilikwenda kumwona siku ya pili na machungwa. Njia nzima nilikuwa natayarisha utani, kitu cha kusema kuhusu pilau na mkono, kwa sababu miaka yote hiyo ndivyo tulivyokuwa tukivuka mambo mazito. Nilipofika kitandani aliuliza kabla sijafungua mdomo.

"Ulizipiga?"

"Sikuzipiga."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepata jibu la hesabu aliyokwisha kuikokotoa.

"Nisamehe," nikasema.

"Nimekusamehe. Ahsante kwa kuniambia ukweli, mzee."

Mzee. Nilidhani ni dawa za maumivu. Nilimenya chungwa, nikamgawia, akala, akashukuru tena. Mgonjwa wa kitanda cha pili, mtu tusiyemjua, aliniambia nina rafiki mstaarabu sana.

Na amekuwa mstaarabu tangu siku hiyo. Watu hawanielewi ninapowaeleza hili, hasa vijana waliokulia mahali ambapo utani umebaki maneno ya kwenye simu. Hakunichukia. Nilikwenda kwake Ufukoni kila wiki, naye alinikaribisha kiti kizuri, akaagiza chai, akauliza hali ya nyumbani, hali ya goti. Nikimwita mla pilau, anatabasamu kwa adabu, kama unavyotabasamu kwa mgeni wa mbali. Nilijaribu kila njia. Siku moja nilikula mhogo wa kuchoma wa kwenye sahani yake bila kuomba, jambo ambalo zamani lingeniletea matusi ya robo saa. Akanisogezea sahani. "Karibu, mzee mwenzangu, ongeza na chumvi."

Kazi aliacha. Mara moja tu nilimkuta nyumbani kwake na kipande cha waya wa mtandao, anajaribu kupanga zile nyaya nane kwa kidole gumba na cha pete. Aliponiona aliuweka chini ya mkeka, na sisi wote wawili tukajifanya hatukuuona.

Nilirudi Mikindani kwa mwenye duka. Safari hii nilitoboa. Aliushika mwenyewe mkonga wa kufyonzea vumbi, akasimama juu yangu huku drili inazama kwenye kigae cha kwanza, cha pili, cha tatu, cha nne. Matundu manne, kila moja dogo kuliko sarafu. Raki ukiisukuma sasa ni kama unausukuma ukuta. Ilichukua dakika kumi na tano. Alipoona yamekwisha, mzee yule alikaa kwenye kiti akasema, "Ni haya tu?" Nikasema ni haya tu.

Mwaka jana mke wangu alifariki. Aliugua muda mfupi, na mpaka wiki ya mwisho alikuwa anacheka. "Mwambie Myao ajiandae," aliniambia. "Mwambie mbuzi." Sikumwambia kitu. Nilijidanganya kwamba msiba wenyewe utamfungua. Kwamba akiona kanga zake kwenye kamba hatajizuia.

Tulimzika Mpapura, karibu na mama. Mtani alikuja mapema, kama kawaida yake. Alikuwa amevaa kanzu safi, kofia imepigwa pasi. Alivua viatu, akawapa watu mkono wa kushoto mmoja mmoja, akaketi mkekani kati ya wageni, akasoma dua pamoja nao. Kanga za marehemu zilikuwa kwenye kamba, hatua tatu kutoka kwake. Jeneza lilipotoka nililifuata polepole, polepole kuliko ilivyopasa, nikiitazama njia. Njia ilikuwa nyeupe tu. Hapakuwa na mtu aliyelala. Tulipita bila kusimamishwa, na dada zangu walilia mpaka kaburini bila mtu wa kuwachekesha.

Baada ya kuzika nilimsindikiza mpaka barabarani. Nilikuwa nimemfunga mbuzi nyuma ya nyumba tangu asubuhi. Nilitaka kumwambia. Nikasema tu, "Hukunidai chochote leo."

Alisimama. Akaweka mkono wake wa kulia, ule wenye vidole vitatu, begani kwangu.

"Bila utani, mzee mwenzangu," akasema, "pole sana."

Alikuwa anasema kweli. Akapanda bodaboda, akaenda zake.

Vigae vinne vya Mikindani vina matundu, na havijapungukiwa kitu. Mimi nilisema sawa ili visitobolewe, halafu nikadanganya ili nisiinue mguu. Neno hilo liligharimu vidole viwili vya mtani wangu, na kazi ya mikono yake, na mazishi aliyoahidiwa mke wangu. Mimi limenigharimu mtani.